Ziwa la Mlimani na Plastiki Isiyonaswa na Wavu

Chukua wavu wa kukokota juu ya maji, wenye mdomo wa upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 18. Ukokote kilomita moja kwenye ziwa tulivu la mlimani, kisha suuza kilichobaki mkiani mwa wavu na uhesabu. Tuseme umepata vipande 12 vya plastiki. Ukigawanya kwa eneo ulilolifagia, yaani mita za mraba 600, utaandika kwamba ziwa lina vipande 20,000 kwa kila kilomita ya mraba. Ukigawanya kwa maji yaliyopita mdomoni, mita za ujazo 108, utaandika 0.11 kwa mita ya ujazo. Na ukitaka kumtuliza mwenye hoteli ya ufukweni, mwambie kuna kipande kimoja katika kila lita 9,000. Vipande ni vilevile 12.

Mfano huu nimeuchagua kwa sababu unakaribiana sana na matokeo ya kweli. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi kuhusu Ziwa Hovsgol, kaskazini mwa Mongolia: ziwa kubwa, mita 1,645 juu ya usawa wa bahari, ndani ya hifadhi ya taifa yenye wakazi wachache mno. Wavu wa macho ya maikromita 333 (theluthi ya milimita) ulitoa wastani wa vipande 20,264 kwa kilomita ya mraba. Vingi vilikuwa vigae vya plastiki ngumu na vipande vya plastiki nyembamba, mabaki ya chupa, mifuko na zana za uvuvi, na vilizidi karibu na ufukwe wa kusini-magharibi, wenye watu wengi zaidi. Hizo zilikuwa takataka za hapohapo, zilizomeguka kidogokidogo kwa jua na baridi.

Wavu ule ulijibu swali moja tu: kuna plastiki kiasi gani inayoelea na iliyo kubwa kuliko theluthi ya milimita? Ni swali halali. Ila chembe za plastiki, au maikroplastiki kama zinavyoitwa tangu jina hilo lienee mwaka 2004, zinaanzia milimita 5 na kushuka hadi maikromita moja. Ukihesabu kila kupungua mara kumi kuwa ngazi moja, kati ya milimita 5 na theluthi ya milimita ni ngazi moja tu ya juu. Chini yake kuna ngazi nyingine mbili nzima ambazo wavu haukuzigusa.

Linganisha na kilichoonekana Bernadouze, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees, mita 1,425 juu ya usawa wa bahari. Huko hawakutumia wavu. Walikinga kilichoanguka kutoka angani kwa miezi mitano, majira ya baridi ya 2017 na 2018. Wastani ulikuwa chembe 365 kwa mita ya mraba kwa siku, na vigae vingi vilikuwa vidogo kuliko maikromita 50. Hesabu za upepo zilionyesha chembe hizo zinaweza kuwa zimesafiri hadi kilomita 95. Sasa chukua kiwango hicho ukiweke juu ya ziwa la hekta moja: chembe milioni 3.65 kila siku. Wavu wa maikromita 333 ungeziachia karibu zote. Anayevua dagaa kwa wavu wa papa asituambie bahari haina dagaa.

Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu ya ziwa lolote la mlimani, usiulize kwanza kama ni kubwa au ndogo. Uliza macho ya wavu au kichujio yalikuwa na ukubwa gani, maji yaliyochujwa ni lita ngapi, na sampuli tupu, yaani zile za maji safi zinazoonyesha uchafu wa mpimaji mwenyewe, zilitoa nini. Akikosa kujibu hata moja kati ya hayo matatu, takwimu hiyo haina matumizi.

Inavyofika huko juu

Ziwa la mlimani mara nyingi liko kileleni mwa mtandao wake wa maji. Hakuna mto unaoliletea uchafu wa miji, kwa sababu miji iko chini. Hicho ndicho kilichowafanya watu waamini kwa muda mrefu kwamba maziwa haya ni safi, na ndicho kinachoyafanya yawe vipimo bora vya kile kinachopita angani.

Kazi iliyochapishwa mwaka 2020 kuhusu maeneo 11 yaliyohifadhiwa magharibi mwa Marekani ilikuta wastani wa chembe 132 kwa mita ya mraba kwa siku, na ikakadiria kwamba zaidi ya tani 1,000 za plastiki huangukia hifadhi za ukanda huo kila mwaka. Chembe zilizoshuka na mvua au theluji zilikuwa kubwa zaidi. Zilizoshuka kavu, kama vumbi, zilikuwa ndogo, zimetoka mbali, na ndizo zilizobeba zaidi ya robo tatu ya uzito wote. Anayekinga mvua tu basi anapoteza sehemu kubwa ya mzigo. Kikingio chako kikae wazi siku zote, kiwe cha kioo au chuma cha pua, na kila unapokusanya suuza kuta zake kwa maji yaliyochujwa. Chembe kavu hung'ang'ania ukutani, hazijimwagi zenyewe chupani.

Theluji ni ghala. Inakusanya majira yote ya baridi, kisha inaachia kila kitu kwa wiki chache. Kwenye Mlima Everest, sampuli za 2019 zilionyesha wastani wa chembe 30 kwa lita moja ya theluji iliyoyeyushwa, na kiwango cha juu kabisa, 119 kwa lita, kilikuwa kwenye kambi ya chini ambako mahema yamejazana. Nyingi zilikuwa nyuzi za poliesta, yaani nguo, kamba na mahema. Hata kwenye mita 8,440 zilikuwepo. Vijito vya bondeni vilikuwa na chembe moja hivi kwa lita. Tofauti hiyo kati ya theluji na kijito ikukumbushe kwamba maji yanayotiririka hayawakilishi kilichorundikana.

Mito ya barafu ni ghala la muda mrefu zaidi. Kwenye Forni, katika Alps za Italia, kokoto na mchanga unaokaa juu ya barafu ulikutwa na chembe 74 hivi kwa kilo ya mashapo makavu. Barafu inaporudi nyuma, mzigo huo unaingia ziwa lililo chini yake. Na kuna kichekesho kidogo hapa. Katika Alps, sehemu kadhaa za barafu hufunikwa kila kiangazi kwa mablanketi meupe ili zisiyeyuke haraka, na kitambaa hicho mara nyingi ni nyuzi za polipropilini. Kinazuia joto kweli. Ila kikipigwa na jua la juu mlimani na kuburutwa kila mwaka, kinachanika na kumwaga nyuzi palepale kwenye chanzo cha maji.

Kuna pia matairi. Barabara zinazopanda milimani zina kona kali na breki nyingi, na vumbi la tairi ni plastiki nzito, nyeusi, inayoponyoka vipimo vingi kwa sababu kaboni yake inameza mwanga wa vifaa. Ripoti ikisema "matairi hayakuonekana," soma kwanza kama kifaa chenyewe kingeweza kuyaona.

Ziwa Tahoe, kwenye mita 1,897, mpakani mwa California na Nevada, linafaa kama ushahidi wa njia hizi nyingine. Maji taka ya bonde lake husukumwa kwa mabomba hadi nje ya bonde, na imekuwa hivyo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, katika utafiti wa 2023 uliolinganisha maziwa na mabwawa 38 ya nchi 23 kwa njia moja, Tahoe lilikuwa la tatu kwa wingi: chembe 5.4 kwa mita ya ujazo, nyuma ya Lugano lenye 11.5 na Maggiore lenye 8.2. Na hapo zilihesabiwa zile zilizozidi maikromita 250 tu. Huwezi kuilaumu anga peke yake, maana Tahoe lina barabara pande zote na wageni wengi sana. Ila bomba la maji taka hulihitaji ili kueleza wingi huo.

Ndani ya maji

Kinachofuata ni fizikia ya kawaida, na ndipo makosa mengi ya kuchukua sampuli yanapozaliwa.

Polietilini na polipropilini zina densiti ya 0.90 hadi 0.97 (maji ni 1), kwa hiyo huelea. Polisterini ni 1.05 hivi, nailoni 1.14, poliesta ya PET 1.38, PVC hufika 1.5. Nyuzi zinazotawala milimani ni poliesta, basi nyingi zinazama. Kwa kanuni ya Stokes, tufe la PET la maikromita 100 kwenye maji ya nyuzi joto 4 huzama milimita 1.3 kwa sekunde. Ziwa la kina cha mita 20 litalimaliza kwa saa nne na kidogo. Punguza kipenyo mara kumi, kasi inapungua mara mia: tufe la maikromita 10 litachukua siku 17 au 18. Maji ya baridi yana mnato zaidi. Kwenye nyuzi 20 safari hizo zingekuwa fupi kwa theluthi moja hivi. Uzi mwembamba uliolala ubavu huchelewa kuliko tufe, na upepo mdogo tu huurudisha juu.

Kwenye maziwa yenye mwani mwingi, chembe huvikwa utando wa viumbe, huzidi uzito na kuzama, hata ile ya polietilini. Maziwa ya mlimani ni maskini wa virutubisho, utando huota polepole, kwa hiyo chembe nyepesi hukaa juu muda mrefu zaidi, mahali ambapo mionzi mikali ya jua huzidi kuzimeng'enya. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na maji maangavu huipitisha mbali chini. Ongeza kuganda na kuyeyuka kila mwaka, nawe una kinu. Mfuko wa polietilini wa mita moja ya mraba ukimeguka kuwa miraba ya milimita moja, ni vipande milioni moja. Ukimeguka kuwa miraba ya maikromita 100, ni milioni 100. Uzito haujabadilika hata gramu.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Theluji inapoanza kuyeyuka, maji yake yana karibu nyuzi 0, ni mepesi kuliko yaliyo ziwani, kwa hiyo hupita juu, chini kidogo ya barafu, na mengi hutokea upande wa pili bila kuchanganyika. Sehemu ya mzigo wa plastiki wa majira yote ya baridi inaweza kulivuka ziwa namna hiyo na kuondoka kabla barafu haijafunguka. Anayefika wiki tatu baadaye na chupa zake anapima ziwa lililokwisha kuoshwa. Ndiyo sababu ziwa dogo lenye maji yanayobadilika kwa siku chache wakati wa myeyuko halilinganishwi na Tahoe, ambako tone la maji hukaa kwa wastani miaka 650 hivi. La kwanza ni mfereji, la pili ni mtego.

Kuchukua sampuli bila kujidanganya

Kwa ziwa dogo ningeweka nguvu kwenye mashapo na theluji, na maji ningeyafanya ya tatu. Ninajua wengi hufanya kinyume, kwa sababu wavu unapendeza pichani.

Theluji: chimba hadi ardhini muda mfupi kabla ya myeyuko, simama upande ambao upepo unakuelekea usoni, safisha ukuta wa shimo kwa koleo la chuma, kisha kata nguzo ya sentimita 10 kwa 10 kutoka juu hadi chini. Theluji ya kina cha mita moja yenye densiti ya kilo 300 kwa mita ya ujazo itakupa lita 3 za maji. Iweke kwenye mtungi wa kioo au ndoo ya chuma yenye kifuniko, iyeyuke yenyewe kwenye joto la chumba. Usiichemshe.

Mashapo: chukua nguzo tatu kwenye kina kikubwa zaidi, ambako vitu vizito hukusanyika. Bomba la kuchukulia kwa kawaida lenyewe ni la plastiki, kwa hiyo kila kipande cha sentimita moja ondoa nusu sentimita ya ukingo, na tambua plastiki ya bomba ni ya aina gani ili uifute kwenye hesabu. Usitumie chembe kama saa ya kukisia umri wa tabaka. Kwenye maziwa matatu ya Latvia, kazi ya 2024 ilikuta plastiki hadi kwenye tabaka za nusu ya kwanza ya miaka ya 1700, karibu karne mbili kabla plastiki ya kiwandani haijakuwepo. Chembe ndogo hupenya chini kupitia matundu ya tope na mashimo ya minyoo. Umri upimwe kwa elementi zenye mnururisho, risasi-210 na siziamu-137, kama kawaida.

Maji: pampu yenye kichujio cha chuma cha maikromita 20 au 50 ni bora kuliko wavu, na wavu ni bora kuliko chupa. Sababu ni hesabu ya bahati. Ukihesabu vipande 12, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 6 na 21. Ukipata sifuri, kikomo cha juu cha kuaminika ni karibu vipande 3 katika ujazo ule uliochuja. Kwa wavu wa mita za ujazo 108, sifuri inamaanisha chini ya 0.03 kwa mita ya ujazo. Kwa chupa ya lita moja, sifuri inamaanisha chini ya 3 kwa lita, yaani chini ya 3,000 kwa mita ya ujazo. Sifuri mbili, na moja inapishana na nyingine kwa mara laki moja. Ripoti zinazosema "hatukukuta plastiki" kwa chupa mbili za maji zisomwe kwa jicho hilo.

Sasa uchafuzi wa mpimaji mwenyewe. Nyuzi tatu zikianguka kutoka kwenye jaketi lako ndani ya sampuli ya lita moja, umeliongezea ziwa chembe 3,000 kwa mita ya ujazo. Vaa pamba, ikiwezekana ya rangi moja ya kipekee kama chungwa, ili uzi wako uutambue. Kata kipande kidogo cha kila kitu kilichoingia safarini: kamba, koti la kuokolea, rangi ya mtumbwi, boti ya kujaza upepo, soli ya kiatu. Vyote vipimwe maabara, ili ukikuta PVC ya rangi ya boti yako usiitangaze kama ugunduzi. Kila siku ya kazi acha chupa moja ya maji yaliyochujwa ikiwa wazi kwa muda uleule ambao sampuli ziko wazi. Hiyo ndiyo sampuli tupu ya uwandani. Ziwe angalau tatu kwa safari. Kiasi kinachohesabika ni kile kinachozidi wastani wa sampuli tupu ukijumlisha mara tatu ya mtawanyiko wake. Chini ya hapo, kaa kimya.

Maabara

Kausha mashapo kwenye nyuzi 40 hadi 50, usizidishe. Kisha yaeleshe kwenye maji ya chumvi. Chumvi ya mezani iliyojaa kabisa ina densiti ya 1.2: itaelesha polietilini, polipropilini, polisterini na nailoni, lakini PET na PVC zitabaki chini. Kwa kuwa nyuzi za milimani ni poliesta zaidi, chumvi hiyo itakupa ziwa safi la uongo. Tumia zinki kloraidi ya 1.6 hadi 1.7, rudia mara tatu kwa kila sampuli. Inaunguza ngozi na ni sumu kwa viumbe wa majini, kwa hiyo ichujwe na itumike tena, isimwagwe kwenye sinki. Ukiisuuza kwa maji matupu hutoa utando mweupe unaoziba kichujio. Matone machache ya asidi ya haidrokloriki yanauondoa.

Mabaki ya majani na mwani huondolewa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, mililita 20, pamoja na mililita 20 za mmumunyo wa chuma wa 0.05 M. Mchanganyiko huu hupanda joto wenyewe, na sampuli yenye mboji nyingi hufurika nje ya bika ndani ya dakika chache. Weka beseni la barafu karibu, ongeza peroksaidi kidogokidogo, joto lisipite nyuzi 50 hivi. Matumbo ya samaki yanataka njia nyingine: potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwenye nyuzi 40 kwa siku mbili. Ukipandisha joto hadi 60 au zaidi kuharakisha kazi, unaanza kula poliesta, ambayo ndiyo uliyoifuata.

Kutambua kwa hadubini peke yake kunafaa hadi nusu milimita. Chini ya hapo jicho linadanganywa na maganda ya mwani, mabawa ya wadudu, na zaidi ya yote pamba iliyotiwa rangi. Uzi wa buluu wa suruali ya jinzi unaonekana kama plastiki safi, na hata kifaa cha Raman, kinachotambua kitu kwa mwanga wa leza, kinaweza kusoma rangi badala ya uzi. Infraredi ya hadubini hushuka hadi maikromita 10 au 20; Raman hufika moja. Njia ya kuchoma sampuli na kupima gesi zake hutoa uzito, haitoi idadi, na ndiyo yenye nafuu kwa matairi. Matokeo ya njia hizi usiyaweke kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja. Na kila sampuli kumi, moja ipandikizwe chembe zenye rangi ya kipekee unazojua idadi yake: ukizipata 60 kati ya 100, sema hivyo kwenye ripoti.

Hatari yenyewe

Hapa nitaenda kinyume kidogo na vichwa vya habari. Majaribio mengi yanayoonyesha madhara hutumia vitufe safi vya polisterini kwa viwango vya maelfu hadi mamilioni kwa mililita. Maziwa ya mlimani yako chini ya hapo kwa tofauti kubwa mno. Hoja kwamba chembe hubeba sumu kama DDT na PCB hadi kwenye samaki nayo imepungua nguvu: kemikali hizo hufika milimani zenyewe kwa hewa, hupoa na kuanguka, na samaki wa maziwa ya juu walikuwa nazo muda mrefu kabla ya mtu kuhesabu plastiki. Mchango wa chembe juu ya hapo ni mdogo.

Yanayonitia wasiwasi ni mengine. Mtandao wa chakula huko ni mfupi. Daphnia, kijidudu wa jamii ya kamba anayechuja maji, humeza chochote cha maikromita moja hadi 50 bila kuchagua, na katika ziwa lenye mwani kidogo kila chembe isiyo chakula ina uzito zaidi kuliko ingekuwa kwenye ziwa la kijani. Mara nyingi hakuna wachujaji wengi wa kushika nafasi yake. Chini kwenye tope, lava wa wadudu wa kundi la Trichoptera hujijengea vibumba vya mchanga, na imeonekana wakichanganya chembe za plastiki humo. Vibumba vyenye plastiki nyingi huwa dhaifu.

Na kuna sumu ya tairi. Kemikali ya kulinda mpira, 6PPD, ikikutana na ozoni hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni, ambayo mwaka 2021 ilitambuliwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiua samoni aina ya coho kwenye vijito karibu na miji. Trauti wa kijito na trauti wa upinde wa mvua, ambao wamepandikizwa kwenye maziwa mengi ya milimani, nao ni wepesi kufa: nusu yao hufa kwenye kiwango cha karibu mikrogramu moja kwa lita, au pungufu. Ziwa lote halitafika huko. Kijito kimoja kinachopokea theluji iliyosukumwa kutoka barabarani, wiki ya kwanza ya myeyuko, wakati trauti wanakusanyika mdomoni mwake, hicho ndicho cha kupima.

Kuchuja ziwa hakuwezekani, na hesabu inalimaliza jambo hilo haraka. Hekta moja yenye kina cha wastani cha mita 5 ni mita za ujazo 50,000. Pampu ya lita moja kwa sekunde, usiku na mchana, itamaliza siku 579, ikiwa imeua planktoni wote, na anga haijaacha kunyesha.

Kinachowezekana ni vyanzo vya karibu. Okoteni plastiki nzima kabla ya majira ya baridi, hasa turubai na kamba za polipropilini zilizopauka. Zikisubiri masika zinageuka unga mkononi. Theluji ya barabarani isirundikwe kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Maji ya kufulia ya vibanda vya wapandaji yapite kwenye mchanga, angalau mita 60 kutoka ukingoni, na nguo za flisi zisifuliwe huko juu kabisa. Mablanketi ya barafu yatolewe mapema na yahesabiwe: kilichotandikwa kilo ngapi, kilichorudi kilo ngapi.

Halafu rudini kila mwaka, wiki ileile ya kabla ya myeyuko, kwa kichujio kilekile. Nguzo moja kati ya tatu za mashapo msiifungue. Ifungeni kwenye karatasi ya alumini, iwekeni kwenye friza, na muandike juu yake tarehe, kina, na aina ya bomba. Vifaa vya kusoma chembe zilizo chini ya maikromita moja bado ni vichache na vya gharama, na mtu atakayekuwa navyo atataka mashapo yaliyochukuliwa leo.